Pasi za mabao za Robertson zilikwenda wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni shabiki wa Liverpool wa siku nyingi, na hapa kijiweni kwetu Mwanza kila wikiendi ni ubishi. Andy Robertson, beki wetu wa kushoto, alizoea kutoa pasi za mabao 10 mpaka 12 kwa msimu wa ligi. Msimu wa 2023-24 akatoa 2, na 2024-25, msimu tuliochukua ubingwa, akatoa 1 tu. Wenzangu wanasema kazeeka, basi. Mimi nahisi kuna jambo jingine ila nashindwa kulieleza. Halafu suala lenyewe linanigusa: nafundisha timu ya vijana ya mtaani, na beki wangu wa kushoto, ambaye mwaka jana kila mechi alikuwa anamimina majalo, mwaka huu haonekani mbele kabisa. Nimweke benchi?

JIBU: Marahaba, kocha. Kwa maoni yangu, Robertson kwanza alihamishwa mahali pa kusimama, na miguu ikaja kuchoka baadaye. Wenzako wameona kitu cha kweli, ila wamekikamata mkiani. Na huyo kijana wako usimweke benchi kabla hujamaliza kusoma hapa, kwa sababu huenda anayemzuia kupanda ni mwenzake, au ni wewe mwenyewe kwa maelekezo unayompa.

Tuanze na takwimu za ligi peke yake. Msimu wa 2018-19 alitoa pasi za mabao 11. Uliofuata, 12. Kisha 7, kisha 10, kisha 8 msimu wa 2022-23, halafu ndiyo 2 na 1 ulizozitaja. Watu wakizisoma hukimbilia mwisho wa orodha. Nakuomba usimame kwenye ile 7 ya 2020-21. Robertson aliuanza msimu ule akiwa na miaka 26 na alicheza mechi zote 38 za ligi. Sasa mtu wa umri huo, mzima, anashukaje kutoka 12 hadi 7?

Kumbuka kilichoikuta Liverpool mwaka ule. Oktoba 2020 Virgil van Dijk, beki wa kati tegemeo, aliumia goti kwenye mechi na Everton. Wakafuata mabeki wa kati wenzake, Joe Gomez kisha Joel Matip. Fabinho na Jordan Henderson, ambao ni viungo, wakarudishwa kucheza beki wa kati. Pale katikati wakakosekana watu waliozoea kumfunikia beki anayepanda, na mpira ukawa unamfikia umechelewa, wapinzani wameshajipanga. Msimu uliofuata Van Dijk akarejea, viungo wakarudi kwenye nafasi zao, na Robertson akapanda tena hadi 10. Mguu wa kushoto ulikuwa ule ule. Uzee ukishaingia haurudi nyuma, kwa hiyo kilichoondoka na kurejea hapo kilikuwa mazingira yake ya kazi. Kijiweni ukianza na ile 7, nusu ya ubishi umeshaumaliza.

Mazingira hayo yalikuwaje? Liverpool ya kocha Jürgen Klopp ya wakati ule ilikuwa na washambuliaji watatu waliocheza karibu karibu. Sadio Mané aliandikwa winga wa kushoto, lakini kazi yake halisi ilikuwa kuingia kwenye boksi na kufunga. Msimu wa 2018-19 alifunga mabao 22 ya ligi. Alipoingia ndani, beki wa kulia wa wapinzani alilazimika kumfuata. Roberto Firmino alishuka chini, akamvuta beki wa kati. Georginio Wijnaldum, kiungo wa upande wa kushoto, hakukimbilia sifa: alibaki kulinda mgongo wa Robertson. Ukijumlisha hayo matatu, upande wote wa kushoto, kuanzia mstari wa kati hadi kibendera cha kona, ulikuwa wazi na unamsubiri mtu mmoja.

Robertson hakuwa beki wa chenga, na hili watu hulisahau. Hakuwa Marcelo, yule Mbrazili wa Real Madrid. Ukirudia krosi zake nzuri utaona anagusa mpira mara moja au mbili tu: anaukuta mbele yake akiwa kwenye mwendo, hana mtu wa kumpita, anainua kichwa, anauchonga kwa nguvu kati ya kipa na mabeki. Ubora wake ulikuwa kufika kwa wakati. Mchezaji wa namna hiyo anategemea wenzake kuliko unavyodhani, kwa sababu ukimpa mpira amesimama, na winga wa wapinzani yuko mbele yake, humkuti tena yule Robertson unayemjua.

Kuna kitu cha pili kwenye mazingira hayo, nacho kilikuwa upande wa pili wa uwanja. Trent Alexander-Arnold alitoa pasi za mabao 12 msimu wa 2018-19 na 13 uliofuata. Weka na za Robertson: mabeki wawili wa pembeni walitoa 23 msimu mmoja na 25 msimu mwingine. Zilikwenda pamoja kwa sababu Trent ndiye aliyehamisha mpira kutoka kulia kwenda kushoto kwa pasi ile ndefu ya kuvuka uwanja, na Robertson ndiye aliyekuwa anafika kule. Wapinzani wote wamesogea kulia kumkabili Mohamed Salah, ghafla mpira uko upande ambao hakuna mtu.

Mfano mzuri kuliko yote ni bao la 26 Desemba 2022 kule Aston Villa, dakika za mwanzo kabisa. Trent anaupiga mpira kwa upande wa nje wa mguu, unakata eneo lote la hatari na kumkuta Robertson anaingia kutoka kushoto. Robertson hautulizi. Anaurudisha katikati kwa mguso huo huo mmoja, na Salah anamalizia. Pasi hiyo ilikuwa ya 54 kwa Robertson katika Ligi Kuu England, ikavunja rekodi ya mabeki iliyokuwa ya Leighton Baines, aliyekuwa na 53. Tafuta picha zake uliangalie taratibu. Robertson mwenyewe amegusa mpira kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kilichomfanya avunje rekodi ni kwamba alikuwa amefika ndani ya boksi wakati pasi inapigwa.

Miezi isiyozidi minne baadaye, pale mahali hakuruhusiwa tena kwenda.

Tarehe 9 Aprili 2023 Liverpool walicheza na Arsenal Anfield, mechi iliyoisha 2-2. Siku hiyo Klopp alimwingiza Trent katikati kila timu ilipokuwa na mpira, asimame sambamba na kiungo mkabaji. Ukimtoa beki wa kulia pembeni na kumweka katikati, nyuma unabaki na watu wawili, na hao hawatoshi kuzuia shambulizi la kushtukiza. Lazima mmoja abaki nao. Aliyebaki ni Robertson. Ibrahima Konaté akasogea kulia, Van Dijk katikati, Robertson kushoto, na beki wa pembeni aliyezoea kufika kwenye kona akawa beki wa tatu wa kati kila timu inapoanza kujenga shambulizi kutoka nyuma. Watu walimsifia sana Trent kwa nafasi mpya, na alistahili. Aliyelipa gharama yake ni Robertson, na sikusikia wengi wakilisema.

Manchester City walikuwa wanafanya jambo linalofanana mwaka huo huo. Walichukua mataji matatu wakiwa na Manuel Akanji na Nathan Aké pembeni, watu ambao kwa asili ni mabeki wa kati. Kwa hiyo usidhani ni Klopp tu aliyeamua beki wa pembeni asipande. Makocha wengi walikuwa wanaogopa nafasi inayobaki nyuma yake.

Sasa fanya jaribio hili na wenzako, mnahitaji simu na bando tu. Chagueni mechi yoyote ya 2019 na nyingine ya mwanzoni mwa msimu wa 2023-24. Kila winga wa kushoto anapopokea mpira kwenye nusu ya wapinzani, simamisha picha na umtafute Robertson. Ya 2019 mtamkuta yuko sambamba na Mané, au ameshampita kwa nje. Ya 2023 mtamkuta hatua nyingi nyuma ya mpira, karibu na mstari wa kati, mwili wake umegeukia ndani, analinda. Ukishamwona amesimama pale utaelewa kwa nini hana krosi, kwa sababu kutoka pale hakuna krosi ya kupiga.

Kisha likaja jeraha. Oktoba 2023, timu yake ya taifa, Scotland, ikicheza na Hispania kule Sevilla, bega liliteguka, akafanyiwa upasuaji na kurudi mwishoni mwa Januari 2024. Akaishia mechi 23 za ligi na zile pasi 2. Lakini angalia kitu ambacho wabishi wa kijiweni hawakitaji: msimu huo alifunga mabao 3 ya ligi, ilhali msimu uliotangulia, alipotoa pasi 8, hakufunga hata moja. Alifunga dhidi ya Wolves akimalizia pasi ya Salah, akafunga dhidi ya West Ham, akafunga dhidi ya Tottenham baada ya kipa kutema shuti la Salah. Yote matatu aliyafunga kutokea ndani, si pembeni kwenye chaki. Njia ya nje ilikuwa imefungwa kwake, kwa hiyo kila aliporuhusiwa kupanda alipita njia ya ndani, na njia ya ndani humpeleka mtu kupiga shuti kuliko kupiga krosi. Mzee aliyekwisha hafiki kwenye boksi kusubiri mpira unaotemwa na kipa.

Arne Slot alipochukua timu mwaka 2024 mambo yalibadilika tena, na hapa ndipo hoja ya uzee inaanza kupata nguvu, lakini bado sehemu yake tu. Slot alijenga na mabeki wanne nyuma na Ryan Gravenberch akiwa na Alexis Mac Allister mbele yao. Timu yake ilikuwa na subira na mpira na haikuwa na haraka ya krosi. Winga wa kushoto, Cody Gakpo au Luis Díaz, wote ni wa mguu wa kulia na wote wanapenda kupokea wakiwa wamesimama kwenye mstari wa pembeni kisha waingie ndani wapige. Gakpo alifunga mabao 10 ya ligi msimu ule, na mengi yake ungeweza kuyachora kabla hayajatokea: anapokea pembeni, anaingia ndani, anapiga kuelekea nguzo ya mbali.

Robertson katika mabao ya namna hiyo anafanya nini? Anakimbia nje. Anampita Gakpo kwa kasi, beki wa wapinzani anasita sekunde moja, amfuate huyu au abaki na yule, na sekunde hiyo ndiyo Gakpo anayoihitaji. Bao linaandikwa la Gakpo. Mwenye mbio zile haandikwi popote. Nasema kwa uzito wote kwamba kumhesabia beki pasi za mabao peke yake bila kuhesabu mbio hizi ni kumdhulumu.

Na upande wa pili Salah alikuwa na msimu wa ajabu, mabao 29 na pasi za mabao 18. Timu yenye mtu kama huyo kulia inapeleka mpira kulia. Liverpool walifunga mabao 86 ya ligi na kutwaa ubingwa wakiwa na mechi mkononi. Hakuna kocha angevunja utaratibu huo ili beki wa kushoto apate krosi zake.

Sasa nije kwenye miguu, maana sitaki uende kijiweni na hoja ya upande mmoja. Robertson alitimiza miaka 31 Machi 2025. Tangu 2018 alikuwa amekimbia misimu mingi ya mechi zaidi ya 40, ligi, Ulaya na timu ya taifa ambayo yeye ni nahodha. Beki wa pembeni anayepanda hachoki kwa kupanda. Anachoka kwa kushuka: anakimbia mita 50 kwenda, krosi inazuiwa, anageuka na kukimbia mita 50 nyingine kurudi akimfukuza kijana wa miaka 22 aliyekuwa anapumzika. Kadiri mwili unavyojua kwamba safari ya kurudi ni nzito, ndivyo unavyokataa safari ya kwenda. Mchezaji mwenye akili huanza kuchagua: zamani alipanda kila mara, sasa anapanda pale anapokuwa na uhakika. Mwaka 2024-25 niliona hilo kwake. Kuna nyakati upande ulikuwa wazi na hakwenda. Desemba 2024 na Fulham, dakika ya 17, mpira ulimponyoka, Harry Wilson akapata njia, naye akamwangusha na kupewa kadi nyekundu. Robertson wa 2019 angekuwa na kasi ya kurekebisha kosa lile bila kumgusa mtu.

Klabu nayo iliona. Juni 2025 walimnunua Milos Kerkez kutoka Bournemouth kwa pauni milioni 40, kijana wa Hungary wa miaka 21. Miaka minane kabla walikuwa wamemchukua Robertson kutoka Hull City, timu iliyokuwa imeshuka daraja, kwa pauni milioni 8 za mwanzo. Ila hata hapo “kaisha” ni neno kubwa mno. Novemba 2025 alikuwa nahodha wa Scotland iliyoifunga Denmark 4-2 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998.

Kwa hiyo ukitaka mgawanyo wangu: kuporomoka kutoka 8 hadi 2 ni mfumo pamoja na bega. Umri haumkati mtu kiasi hicho ndani ya kiangazi kimoja. Kubaki chini, kutoka 2 hadi 1 akiwa amecheza mechi 33, hapo mfumo na miguu vinagawana, na siwezi kuvitenganisha vizuri.

Tuje kwa kijana wako, maana huyu ndiye anayeweza kuumizwa na jibu la haraka. Mechi ijayo usifuate mpira. Mpe msaidizi wako kazi ya kusimamia timu kwa dakika 20, wewe mwangalie yeye tu, ukiwa na karatasi uliyochora uwanja. Kila anapopokea mpira weka alama mahali alipo. Alama zikijaa chini ya mstari wa kati, tatizo lako halijafika kwenye krosi bado, maana hafiki panapopigiwa krosi.

Hapo jiulize ni nani amebadilika tangu mwaka jana. Winga wako ni yule yule? Kama mwaka jana ulikuwa na namba 11 wa mguu wa kulia anayeingia ndani, na mwaka huu una wa mguu wa kushoto anayeng’ang’ania chaki, basi umeweka watu wawili kwenye njia ya mtu mmoja. Mwambie winga aingie ndani hatua tano kabla beki hajaanza kukimbia, uone. Na kiungo wako wa kushoto anabaki, au naye anapenda kufunga? Mkono mmoja haulei mwana. Beki wa miaka 16 akigeuka mara mbili akakuta nyuma yake hakuna mtu, na wewe ukamfokea bao likiingia, mara ya tatu hapandi. Amekuelewa vizuri sana.

Viwanja vyetu navyo viangalie. Kwenye uwanja wa vumbi wenye mabonde, krosi ya mguso mmoja ya Robertson ni ngumu mno, mpira unaruka kabla ya mguu kuufikia. Mfundishe afike karibu na mstari wa goli kisha aurudishe chini, nyuma kidogo, kwa anayekuja, badala ya kuupiga juu kutoka mbali. Zoezi lake ni rahisi: winga, beki na kiungo dhidi ya mabeki wawili, upande mmoja tu wa uwanja. Beki haruhusiwi kuanza kukimbia mpaka winga aguse mpira kuelekea ndani. Fanya hivyo kwa dakika 15 kila mazoezi, wiki tatu mfululizo. Anachojifunza pale ni muda wa kuondoka, na huo ndio uliomtajirisha Robertson.

Na kama alama kwenye karatasi yako ziko juu, kiungo anabaki, winga anampisha, na bado kijana hapigi krosi, basi muulize kuhusu mwili wake. Umri huo mifupa hurefuka haraka na maumivu chini kidogo ya goti, pale kano inapojishika kwenye mfupa wa mguu, ni jambo la kawaida kwa vijana wanaokimbia sana. Wengi huficha wasipoteze namba. Mwite pembeni kabla ya mazoezi, wenzake wasisikie, umbonyeze pale kwa kidole gumba. Akishtuka, mpunguzie mbio na umpeleke akaonwe na daktari, na umwahidi kwamba jezi yake namba 3 inamsubiri.